Mshahara wa Lavonne ni Wangu

Jumatatu, 14 Julai 1958
Nimedharauliwa mezani kwangu mwenyewe. Binti yangu Lavonne, miaka kumi na sita, kaja na mshahara wake wa kwanza kutoka mashamba ya mbegu za mahindi, ambako kazi yake ni kung'oa maua ya juu ya mahindi. Nikanyoosha mkono. Akauangalia kama una upele. Eti pesa hizo ni za ada ya chuo cha uuguzi. Ada! Sheria ya jimbo letu la Iowa iko wazi: mtoto hajafika ishirini na moja, jasho lake ni la baba. Na mimi nimeshachagua injini ya boti dukani kwa Kruse, nyekundu. Mke wangu Alvina akauliza boti yenyewe iko wapi. Boti itafuata.

Jumanne, 15 Julai
Nimekwenda kwa Meinert, msimamizi wa shamba. Nimemwambia kuanzia sasa mshahara wa Lavonne anipe mimi. Akajikuna kichwa wee, mwisho akakubali kwamba haki ni yangu. Nipitie Jumatatu. Lavonne kaninunia. Vizuri, nimesoma gazeti kwa utulivu.

Alhamisi, 17 Julai
Huyu mtoto anakula mayai matatu kila asubuhi! Kwa nini nimlishe bure? Nimemwambia alipie chumba na chakula, dola nne kwa wiki. Nilitegemea kilio. Badala yake akasema, "Sawa, Baba. Ila uwatangazie watu kanisani, wasije wakasema nakaa bure." Akanihesabia dola nne palepale. Kumbe ana adabu. Kwa hiyo mshahara nachukua, na kodi nachukua. Sijui wazazi wengine wamelala wapi.

Jumapili, 20 Julai
Chakula cha pamoja baada ya ibada. Nikasimama na sahani yangu ya saladi ya viazi, nikatangaza kwamba binti yangu sasa ni mtu mzima, anajilisha, anajitegemea, mimi simdai na yeye hanidai. Wakapiga makofi. Jaji Hoekstra akaacha kutafuna, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Si kila siku jaji anakusikiliza hivyo.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeibiwa mchana kweupe! Meinert kanikatalia. Mshahara kampa Lavonne mkononi, eti jaji kasema. Nikamfuata Hoekstra bustanini kwake, anachuma maharage, wala hakunyanyuka.

"Harlan," akasema, "baba anapewa mshahara wa mtoto kwa sababu anamlisha. Wewe umemwachia ajilishe, tena umemtoza kodi. Umemweka huru mwenyewe. Nimekusikia mara mbili."

Nikasema ulikuwa utani. Akauliza na zile dola nne zilikuwa utani? Kisha akanichoma kabisa: Lavonne alikuwa amekwenda kwake Jumatano kumuuliza jambo hilihili. Jumatano! Siku moja kabla ya wazo langu la kodi! Mtoto wangu wa kumzaa kanitega, nami nikaingia na sahani mkononi.

Nafika nyumbani, kitanda chake kitupu. Kahamia kwa dada wa mke wangu, hatozwi hata senti. Alvina kamsaidia kubeba sanduku.

Kule bustanini, kabla sijaondoka, jaji aliniona nimenyong'onyea, akanipoza kwamba nisikate tamaa, sheria ina pande mbili. Siku nikiwa fukara, hohehahe, mtoto mwenye kipato atalazimika kunitunza.

Jumanne, 22 Julai
Sikupata usingizi, nilikuwa nafikiri. Hawa watu wananiona mjinga. Lavonne ana kipato, hilo wamelithibitisha wenyewe, na jaji ndiye shahidi wangu. Kilichopungua ni ufukara tu.

Asubuhi nimekwenda kazini kwangu, ghala la nafaka, nimeacha kazi. Miaka kumi na tisa. Bosi akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi.

Alvina bado hajui. Yuko jikoni anapika, ananiuliza kwa nini leo nimewahi kurudi. Nasubiri kwanza tule.