Wote Wamesema Inggih

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya heri! Manispaa yetu ya Solo, hapa Java, inagawa kamera za mitaani. Siyo kamera za kawaida, ni zile zinazotambua nyuso za watu. Kila uchochoro unaokubali unapewa moja bure, pamoja na mtunzaji wake, mwenye beji kifuani na picha yake kwenye programu ya simu ya manispaa. Mtunzaji huyo ni mimi. Bado hawajajua tu.

Faida kuu siisemi popote isipokuwa humu: kamera ikija, lindo la usiku linakufa. Nimechoka! Kila zamu yangu nakaa kibandani nikifyonzwa na mbu, huku Pak Hardiman, jirani yangu mfuga njiwa, akinichamba hadi alfajiri kwamba mwizi akija nitamwandalia chai.

Wiki iliyopita Bu Ratri, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliniomba niongeze zamu. Nikamjibu "inggih", kwa sauti laini, kichwa chini. Ndiyo ya heshima. Mjava yeyote anajua maana yake: ng'o, sifanyi. Sikutokea, na hakuna aliyekwazika. Lugha tamu sana hii ya kwetu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepiga hodi nyumba kwa nyumba. Jua kali, shati limelowa, lakini matunda nimeyaona.

Nimeanza na bibi yetu muuza mboga, Mbah Ngadiyem. Aliuliza picha zitakaa wapi. Nikasema kwenye wingu. Wingu la nani? La serikali. Akauliza kama ni serikali hii hii iliyomwandika yeye kuwa marehemu kwenye orodha ya mchele wa msaada, akaenda mwenyewe ofisini kupinga, karani akamtaka alete cheti cha kifo. Nikasema ni ileile, ila idara nyingine. Akanitazama sana. Kisha: "Inggih, Pak." Ameafiki!

Fundi pikipiki aliuliza kama kamera itawajua wasiolipia kodi ya pikipiki. Nikamhakikishia haisemi mpaka iulizwe. Akapauka kidogo, akasema inggih.

Pak Hardiman ndiye niliyemwogopa. Ajabu! Hakubisha hata kidogo. Alinikaribisha ndizi za kukaanga, akatabasamu mpaka gego la mwisho. "Inggih, inggih, Pak Tugiman, hilo ndilo wazo!" Hata yeye!

Nimemsimulia mke wangu, Lasmini, akiwa anakaanga tempe za soya. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Aliniambia wamenivika kilemba cha ukoka. "Baba Seto, wewe si umezaliwa uchochoro huu huu? Inggih ya kukuondoa mlangoni huijui?" Nikamweleza kwamba hizo ni inggih zangu mimi. Wenzangu ni watu wakweli.

Alhamisi, 7 Agosti

Kamera ya majaribio imefika! Imeletwa na afisa wa manispaa, Bang Togar, Mbataki wa Medan, si Mjava, mtu asiyejua kuzunguka mbuyu. Ameifunga kwenye kibanda cha lindo. Ikiona chochote, inapeleka picha kwenye kundi la simu la wakazi wote, ili, kwa maneno yake, wananchi waiamini serikali. Nimemuuliza kuhusu beji. Amesema itafika.

Bu Ratri naye hakosi la kuuliza. Picha zitahifadhiwa kwa muda gani? Nani pale ofisini anaruhusiwa kuzifungua? Bang Togar akajibu kanuni bado zinaandikwa. Kwa hiyo kamera inatangulia, kanuni inafuata? "Ndiyo, Bu. Ndivyo ilivyo." Watu wakatazamana. Jamani! Mjava angesema inggih, tukaendelea na chai.

Leo ni zamu yangu. Lakini kamera ipo. Mimi wa nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Kimenuka.

Jana usiku nilijifunika sarong, kikoi chetu, kutoka utosini, nikainama nikapita chini ya kamera, nikaingia mitini kwenda kulala. Mpango safi kabisa. Asubuhi kundi zima lina picha yangu, na chini yake mashine imeandika: MBUZI.

Pak Hardiman ameuliza nani kapoteza mbuzi mwenye sarong ya kijani ya mirabamiraba. Mbah Ngadiyem akaandika kwamba mbuzi huyo kaingia jikoni kwa Bu Lasmini, na kwa kuwa hakujasikika kelele, bila shaka ni mwenyeji pale. Nikajitetea kwamba hili ndilo jambo jema: wale wanaolia kwamba serikali itatutambua wote, si mnaona? Hainitambui mimi, na nimezaliwa hapa! Saa sita mchana nimekuta kitita cha majani mabichi mlangoni. Lasmini hakuuliza kimetoka wapi. Amekipokea kwa mikono miwili na kukisogeza karibu na kiti changu.

Sitetereki. Kesho ni mkutano wa kuamua, na kila nyumba imenipa neno lake. Nimepiga pasi batiki yangu ya bluu. Upande wa kushoto nimeuacha wazi kwa ajili ya beji.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano umekwisha.

Uchochoro mzima ulikuja. Bang Togar aliuliza nani anapinga. Kimya! Kimya kitamu, nusura nisimame kushukuru. Kisha akauliza nani anaunga mkono, anyooshe mkono. Nikanyoosha. Nikageuka nyuma. Mkono ulikuwa mmoja. Wengine wote walikuwa wanachunguza vitumbua vyao.

Bu Ratri alieleza taratibu kwamba mtaa haukatai mashine. Unataka kanuni kwanza, kwenye karatasi, zikisema nani anaona nini na nani anajibu mashine ikikosea. Watu wakiulizwa mapema, wataamini. Wakiulizwa mashine ikiwa tayari imening'inia, watakula vitumbua.

Nikaruka juu. Lakini mlisema inggih! Nyote! Mbah Ngadiyem akanihurumia kwa sauti ambayo sitaisahau: "Ulikuwa umesimama juani, mwanangu, jasho linakutiririka. Tungekufanyaje?"

Hapo Pak Hardiman akasimama. Alinimwagia sifa mpaka nikaona haya. Nani amehangaikia usalama wetu kuliko Pak Tugiman? Nani mwingine amezunguka mlango kwa mlango? Basi, tunahitaji macho ya mashine ya nini, na macho yake yapo? Awe mkuu wa lindo, kila usiku, mpaka manispaa imalize kuandika kanuni zake.

"Inggih!"

Inggih hiyo sijawahi kuisikia maishani. Ilitoka tumboni. Glasi zilitikisika.

Bu Ratri akaniuliza kama nakubali. Macho yote kwangu, kalamu ya Bang Togar hewani. Na mdomo wangu, uliolelewa vizuri na marehemu mama, ukasema: "Inggih." Laini, kichwa chini. Maana yake wazi! Kila mtu mle ndani aliielewa, niliyaona meno yao. Isipokuwa yule wa Medan. Aliandika: amekubali. Makofi yakalipuka, na imeshaingia kwenye kumbukumbu za manispaa.

Kila usiku! Mpaka kanuni ziandikwe! Nimemfuata Bang Togar mpaka kwenye gari kumuuliza zitachukua muda gani. Hakuzunguka. Alicheka.

Jumatatu, 11 Agosti

Usiku wa pili kibandani umepita. Kamera wameichukua, mbu wamebaki. Beji ninayo: Pak Hardiman ameikata kwenye boksi la chakula cha njiwa, ameandika MACHO YA MTAA, na pembeni amechora pembe mbili ndogo.

Lasmini aliponiletea chai ya tangawizi aliketi kando yangu, akaniuliza kwa upole kama sasa nimejifunza kusikia watu wanasema nini. Nikamjibu inggih.

Sasa nina jambo zito la kuandika. Nimepata wazo! Mashine inayopiga kentongan yenyewe. Kile kigogo cha lindo kinalia usiku kucha, mlinzi amelala kwake, na manispaa ina fungu la ubunifu wa wananchi. Jioni hii nimepita nyumba zote. Fundi pikipiki, inggih. Mbah Ngadiyem, inggih, na kipande cha tempe juu. Pak Hardiman, inggih, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Na hizi ni za kweli. Safari hii nimewauliza jua likiwa limeshapoa.