Mmoja Kati ya Sita

Jumatatu, 4 Machi
Zaidi ya mwaka tunatafuta mtoto. Hakuna kitu. Mke wangu leo kaenda zahanati, mimi nikabaki na mabomba yangu. Karudi macho mekundu. Nesi kamwambia tusijione wa ajabu, karibu mtu mmoja kati ya sita hukutwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Nadhani mke wangu alitaka nimshike mkono. Nilikuwa nahesabu. Ngazi yetu hapa ghorofani ina jozi sita za wanandoa! Mmoja wao ndiye. Akipatikana, sisi tumepona.

Jumanne, 5 Machi
Uchunguzi umeanza. Mpiga picha wa chini ana watoto watatu, na anavyotamba nao! Nje. Mwalimu na mumewe, mtoto mmoja. Nje. Wazee wa juu kabisa, wajukuu tele. Wamebaki dereva wa lori, muuza viatu, na sisi. Bahati nzuri fundi bomba hafungiwi mlango.

Alhamisi, 7 Machi
Sinki la dereva lilikuwa halivuji. Sasa linavuja. Nikiwa chini yake nilimuuliza mkewe, kwa kuzungukazunguka, kama wao wawili wanalala vizuri. Akamwita mumewe. Spana yangu imebaki kule.
Muuza viatu mstaarabu zaidi. Alisema binti yao, anayesoma bweni, walimsubiri miaka mitano, kisha akaniuliza kwa upole kama na sisi tunasubiri. Nikampongeza kwa mikono miwili. Ndiye! Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Ila binti anaye. Sasa anahesabika au hahesabiki? Nimechanganyikiwa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamua anahesabika. Nikampa mke wangu habari njema, kwamba nafasi imeshachukuliwa. Nilitegemea kukumbatiwa. Akaweka sahani chini polepole. Kumbe mke wa dereva alishamsimulia kila kitu.
"Mimi sikuolewa na ngazi," akasema. "Niliolewa na wewe. Jumatatu tunakwenda wote, na wewe unapimwa."
Nikauliza nipimwe nini, mtu mwenye nguvu kama punda. Kalala kaupa ukuta uso. Sijui nimekosea wapi.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari ni mdogo kuliko dada yangu wa mwisho. Kaeleza taratibu: wengi hupata mimba ndani ya mwaka, wengine huchelewa, umri wa mwanamke una uzito wake, na kwa karibu nusu ya wanaohangaika, tatizo linamgusa mwanamume pia. Nikauliza nusu ipi. Mke wangu akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikakosa pa kuweka mikono. Nikapewa kikopo na chumba chenye mlango usiofungika. Nilianza kwa kukaza bawaba.

Ijumaa, 15 Machi
Majibu ya mke wangu safi. Mbegu zangu zipo, ila chache na zenye uvivu. Daktari kasema niache sigara leo hii. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, ndipo nirudi kupimwa. Njia nzima mke wangu kanishika mkono, kasema tutafika tu. Nilikaribia kulia barabarani.
Jioni nimekaa kibarazani kuyatafakari. Kwa hiyo mbegu za sasa ni za zamani na zimeshaharibika, hazina cha kupoteza. Mpya bado hazijaja. Nimenunua katoni nzima ya sigara. Nitaacha mbegu mpya zikifika.