Ngoma za Mjukuu wa Allan Mshonaji

Makadeti wa Port Morag, vijana wa mafunzo ya kijeshi, walikuwa katikati ya barabara, mguu wa kushoto juu, spika ilipozimika.

Ilikuwa Siku ya Kumbukumbu, mvua nyembamba ya Cape Breton, kisiwa cha Kanada, inawapiga usoni, mashada ya maua yanasubiri mnarani. Kila mwaka vijana wale waliandamana kwa muziki wa spika iliyofungwa juu ya gari la mkuu wao, Kapteni Rhoda Fougere, na kila mwaka spika ilikuwa na lake. Wazee wakatazama viatu vyao. Vijana wakashusha miguu kila mmoja kwa wakati wake, kama kuku waliomwagiwa maji. Mtu mmoja tu, kando ya barabara, aliwatazama kwa upendo mkubwa, ule ambao fisi humwonea mbuzi anayechechemea.

Wiki hiyo aliitwa Wendell Crouse. Kazi yake ilikuwa kuanzisha bendi za kujitolea. Mwaka ule alikwisha kuanzisha mbili huko New Brunswick, na hakuna hata moja iliyowahi kupiga. Watu walitoa tarumbeta na ngoma za mababu zilizolala darini, yeye akazipakia kwenye gari lake kuzipeleka kutengenezwa, na matengenezo hayo Mungu ndiye anayejua yalipoishia.

Baada ya sala, watu walikwenda kujipasha moto katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Wendell akasimama karibu na supu ya samaki.

"Kapteni, miaka ishirini nimepigisha bendi za jeshi," alisema kwa sauti ya unyenyekevu. "Nikiona vijana wanaandamana kwa spika, moyo unaniuma."

"Sisi pia," alisema Kapteni Fougere. "Ila mwenye kufundisha vijana lazima alete cheti cha polisi cha tabia njema."

"Kiko njiani."

"Basi mpaka kifike, hukai nao peke yako. Bi Effie atakaa na wewe."

Bi Effie MacAskill alikuwa mjane mfupi mwenye rozari mfukoni na sindano za kufumia mkononi. Alimkagua Wendell kuanzia kiatu mpaka kofia, kisha akauliza swali ambalo kisiwa kile humuuliza kila mgeni kabla hajapewa kiti.

"Baba yako nani?"

Wendell alilijua swali hilo na hakuwa na hofu nalo. Dawa yake ni kunyamaza, ukatabasamu kwa huzuni, ukawaacha wenyewe wakutafutie ukoo. Watu wa pale hawawezi kuvumilia mtu asiye na babu.

"Hicho kidevu," alisema Bi Effie polepole, "ni kidevu cha Allan Mshonaji."

"Babu yangu mzaa baba," alisema Wendell, macho yakamlowa. "Umenijuaje, mama?"

Ukumbi mzima ukainuka. Halafu wakamvamia kwa kumkumbatia, mpaka supu ikamwagika.

"Mungu ni mwema," alisema Bi Effie. "Allan alichukua ngoma zote za bendi ya parokia kuzipeleka Sydney kutengenezwa. Mimi nilikuwa msichana. Mpaka leo tunazisubiri. Na mjukuu wa Allan ndiye wa kuzirudisha."

Wendell alitazama mlango. Mtu mwenye akili angetoka, na yeye alikuwa nazo za kutosha. Lakini juu ya mlango ilining'inia picha ya mwanamume mwenye zumari la mfuko la Kiskoti begani, mirija yake imevishwa pembe za ndovu na pete za fedha zilizochongwa, kazi ya kale ambayo matajiri wa Toronto hugombania. Akili zake zikakaa chini.

"Nani huyu?"

"Hector, marehemu mume wangu."

"Na zumari?"

"Liko kwenye kiwanja cha kanisa, pale mlimani. Halijaguswa tangu siku ya mazishi yake. Siku bendi itakapopiga, nitakupeleka mwenyewe mpaka lilipo."

Watu kadhaa walianza kuchunguza vikombe vyao vya chai. Wendell hakuwaona. Alikuwa anafikiria stoo ya padri, na kufuli lake bila shaka la kizamani.

Darini hakukutoka kitu. Kila alipobisha hodi, mwenye nyumba alimpa biskuti za shayiri na kumwambia, bila ubaya, "Kwanza zile za babu yako, mwanangu." Mwishowe akauza gari lake na kununua ngoma huko Halifax, ngoma za kweli, ngozi mpya. Ndoano bila chambo haivui, alijiambia.

Majira yote ya baridi alifundisha. Cheti cha polisi kilibaki njiani. Bi Effie aliketi pembeni anafuma soksi, na mdundo ukipotea aliinua sindano moja.

"Tena."

"Bi Effie, wamechoka."

"Hawajachoka. Wewe ndiye umechoka, kidevu cha Allan. Tena."

Mwezi Mei, siku ya ukaguzi, makadeti walipanda mlima kwenda kanisani kwa ngoma zao wenyewe, miguu inatua pamoja. Kapteni Fougere alilia waziwazi. Wendell alimshika Bi Effie kiwiko.

"Mama, ahadi."

"Twende."

Bi Effie alipita mlango wa kanisa. Alipita stoo ya padri. Akasimama mbele ya jiwe jeupe lililoandikwa Hector MacAskill.

"Hapo," alisema. "Mikononi mwake. Mji mzima ulimwona akiteremshwa nalo."

Wendell aliachia kiwiko chake.

"Umenidanganya."

"Mimi nitaungama Jumamosi. Niambie neno la uongo nililosema, nilipeleke kwa padri."

Alilitafuta. Alipekua majira yote ya baridi, soksi kwa soksi, na hakuliona.

"Allan Mshonaji," alisema mwishowe. "Kumbe ulijua hakuwa babu yangu."

"Allan hakuzaa hata mtoto mmoja, masikini. Mimi nilisema kidevu. Babu ulisema wewe." Akamkabidhi jozi ya soksi, nene, za rangi ya majivu. "Kituo cha basi ni mbali, na huna gari. Vaa. Na ukifika New Brunswick, kuna bendi mbili zinakusubiri. Kapteni amekwisha kuzungumza na polisi wao. Kile cheti kimefika, ila si ulichokitaka."

Wendell aliteremka mlima. Nyuma yake bendi ikaanza upya, na ingawa aliichukia kwa moyo wake wote, alipofika njia panda aliona miguu yake mwenyewe, kushoto, kulia, inakwenda sawa na ngoma.