Kompyuta Haiioni Simu ya Kaka

Jumatatu, 4 Agosti

Mkubwa ametuita wote ofisini kwake. Ijumaa Matroni wa hospitali anakuja kuiona programu yangu, ile ya kuwakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Kwenye simu yangu inakwenda kama maji. Nikaionyesha. Mkubwa akasema simu yangu ni mpya mno, wagonjwa wa Matroni wanatumia simu za miaka minane iliyopita zenye vioo vya nyufa, kwa hiyo Ijumaa niionyeshe kwenye simu ya zamani. Nikishindwa, kazi inahamia kwa Kimya.

Kimya! Anakaa meza ya pili kutoka yangu. Hasemi, hacheki, hakosei. Mwezi wa tano aliniuliza mbele ya watu kama nilikuwa nimehifadhi nakala ya kazi kabla ya kuifuta. Sikuwa nimehifadhi. Siku hiyo niliapa simuulizi kitu mpaka mwaka uishe. Sasa simu ya zamani ya ofisi iko kwenye droo yake. Ukiitaka unamwomba, kisha unatia saini kwenye daftari. Afadhali ning'olewe jino.

Lakini akili ni nywele, na mimi sina kipara. Simu ya marehemu Kaka iko kwa Mama. Ni kuukuu vya kutosha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepita kwa Mama kabla ya kazi. Kaka alipofariki mwaka jana, hospitali ilitukabidhi mfuko wenye kandambili, miwani na simu hiyo. Ndani ya kinasa sauti kuna ujumbe mmoja, dakika moja na sekunde tisa. Aliurekodi akiwa tayari anaumwa, kwa sababu Mama haoni maandishi madogo: kidonge chekundu asubuhi, cheupe saa kumi jioni, usivichanganye, msichana wangu. Ndivyo alivyokuwa akimtania, msichana wangu. Katikati anakohoa, halafu anakicheka kikohozi chake mwenyewe.

Kila siku saa kumi Mama anausikiliza, kidonge mkononi. Mwaka mzima, maneno yale yale. Mtu angedhani ameshakariri rangi mbili. Uzee huo, nitafanyaje.

Nikamwambia simu inahitaji kusafishwa ndani, imejaa takataka. Akauliza kama sauti haitaguswa. Nikasema sauti haitapata hata mkwaruzo. Akaifuta kioo kwa upindo wa nguo yake, akanipa kwa mikono miwili, akasema leo atavumilia, ila kesho iwe imerudi kabla ya saa kumi. Nikaahidi. Ahadi ni rahisi asubuhi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata waya jikoni mwa ofisi, ulikuwa umechomekwa kwenye kifeni cha mezani. Nikaunganisha simu na kompyuta. Simu ikaanza kuchaji vizuri. Kompyuta ikaandika: hakuna kifaa kilichopatikana.

Sikutishika. Nikaingia kwenye mipangilio, nikagusa nambari ya muundo mara saba, kama inavyotakiwa ili simu ifungue mambo ya wataalamu. Simu ikaandika kwamba sasa mimi ni msanidi programu. Miaka sita nipo hapa na Mkubwa hajawahi kuniambia hivyo. Nikaruhusu utatuzi wa USB, ule mlango wa kompyuta kuingia ndani ya simu. Hakuna kifaa. Nikahamishia waya kwenye tundu jingine. Hakuna kifaa. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikafuta ile programu ndogo inayoitambulisha simu kwa kompyuta, nikaiweka upya. Nikapuliza tundu la simu. Nikaisemesha kwa upole. Nikaisemesha vingine. Hakuna kifaa, hakuna kifaa, na simu yenyewe imekaa pale juu ya meza, naiona kwa macho yangu mawili.

Kimya ameinuka mara mbili kwenda kunywa maji. Mara zote mbili ameitazama meza yangu. Mara ya pili akafungua mdomo. Nikavaa vipokea sauti haraka na kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki. Havikuwa vimeunganishwa na chochote. Akarudi kukaa.

Mkubwa alipopita akauliza mambo yanaendaje. Nikamjibu yanaendelea vizuri sana.

Saa kumi na robo Dada akapiga kutoka kwa Mama. Mama amekaa kwenye kiti chake, kidonge mkononi, anangoja. Nikamwambia amwambie ni cheupe. Dada akasema Mama anajua ni cheupe. Nikauliza sasa anangoja nini. Dada akakata simu. Watu wa nyumbani kwetu hawana subira na mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kumebaki siku moja, na maji yamenifika shingoni. Lakini nimepata dawa. Mtandaoni mtu mmoja asiyetaja jina ameandika kwamba tatizo kama langu lilimwisha aliporudisha simu kwenye hali iliyotoka nayo kiwandani. Watu wawili wamemshukuru. Ushahidi tosha.

Kurudisha hali ya kiwandani kunafuta kila kitu. Mimi si mjinga. Nikataka kwanza kunakili sauti ya Kaka kwenye kompyuta. Kompyuta haiioni simu. Nikafikiri. Kila mtu mwenye akili huhifadhi vitu vyake kwenye kadi ya kumbukumbu, na Kaka alikuwa na akili. Nikaichomoa kadi, nikaitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Hata hivyo hofu ilinishika, sifichi, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Ningeweza kungoja. Ningeweza kuinuka na kuuliza hatua nne tu kutoka hapa. Nikaitazama meza ya pili. Nikabonyeza.

Dakika nne. Simu ikaamka mtoto mchanga, ikaniuliza nataka lugha gani. Nikaipanga upya, nikagusa tena mara saba, nikaruhusu tena. Hakuna kifaa.

Hapo Kimya akaja bila kuitwa. Akauchomoa waya, akautazama ncha zote mbili. Akasema huu ni wa kifeni, unapitisha umeme wa chaji tu, data haina pa kupita. Akasema alitaka kuniambia jana, lakini nilikuwa na muziki. Akachomeka wa kwake. Kompyuta ikalia mara moja, kwa sauti nzuri kabisa. Kifaa kimoja kimepatikana.

Nikaisoma kadi. Picha kumi na moja za bomba linalovuja, ambazo Kaka alimpigia fundi. Sauti hakuna. Nikatafuta kila folda, mpaka zile zisizo na majina. Ilikuwa ndani ya simu yenyewe muda wote.

Nilikaa chooni nikalia. Alikuwa kaka yangu pia, na mimi sikuwahi kuusikiliza ujumbe ule mara ya pili, nilidhani upo tu. Kisha nikanawa uso. Ukitazama kwa haki, kosa ni la kifeni.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi! Matroni aliishika simu ya Kaka, akaigeuzageuza, akaipenda nyufa zake. Kengele ikalia kwa wakati. Kitufe cha kijani kikaonekana, akakigusa, ikaandika dawa imemezwa. Mkubwa akaniwekea mkono begani na kuusahau hapo. Sikugusia habari za waya. Matroni akaomba jambo moja tu: kabla hajawapa wagonjwa, programu ijaribiwe siku chache nyumbani kwa mzee mmoja anayemeza dawa kweli, kisha nimwandikie ripoti.

Watu walipotoka, Kimya akaniuliza polepole kama simu ile ilikuwa na kitu cha mtu kabla ya kufutwa. Nikamwambia hayo ni ya familia. Akasema anajua programu ambazo wakati mwingine hufufua vilivyofutwa, ila simu isiendelee kutumika, kila kinachoandikwa juu yake kinafukia cha zamani, na hata hivyo baada ya kuirudisha kiwandani matumaini ni madogo mno. Nikamshukuru kwa ubaridi. Mtu huyu akipewa nafasi ndogo tu ya kukusaidia, kesho anakutawala.

Dada kapiga tena. Siku ya nne bila sauti. Mama anameza akishurutishwa. Halalamiki. Anauliza tu kama usafishaji umekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mimi na Kaka tulikuwa na sauti moja. Kwenye simu hata shangazi alituchanganya. Basi kumbe jambo lenyewe ni dogo.

Nimejifungia stoo ya ofisi, katikati ya maboksi ya karatasi, na simu yake mkononi. Nimerekodi mara arubaini na mbili. Mwanzoni nilisikika kama mtu anayetangaza msiba. Kufika ya thelathini nikaanza kumsikia yeye, na hapo ilibidi nikae chini kidogo. Nikaendelea.

Nimeboresha pia. Kikohozi nimekitoa, kilikuwa kinaharibu sauti. Alikuwa na haraka, mimi nimetulia. Badala ya msichana wangu nimesema mama mpendwa, ina heshima zaidi. Mwishoni nimeongeza kwa ufupi kwamba akishameza aguse kitufe cha kijani. Kaka angekubali, alipenda maendeleo. Nimehakikisha ni dakika moja na sekunde tisa kamili.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemrudishia. Dada alikuwepo. Saa kumi Mama akakaa kwenye kiti chake, kidonge mkononi, akabonyeza. Nilisimama mlangoni nikimtazama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hata kwenye kitufe cha kijani hakutikisika. Akaiweka simu mezani, kioo kikitazama chini. Akauliza kikohozi kimekwenda wapi. Nikamweleza kwamba usafishaji huondoa makelele. Akasema hata kukohoa kwake tumemwondolea.

Kisha akanitazama muda mrefu. Akaniambia sauti yangu imekauka, nimelichosha koo. Akainuka mwenyewe, akanichemshia maji, akanitilia asali, akasimama hapo mpaka nikamaliza kikombe. Mama huyu, mimi mtu mzima mzima, bado ananitazama koo kama mtoto wa chekechea. Akaniuliza kama na mimi huwa namkumbuka. Nikasema ndiyo. Akanipapasa kichwa na kusema basi, mwanangu, basi.

Dada alitoka nje bila kuniaga. Wivu tu. Nimefurahi mno. Mama hakushuku kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Dada amehamia kwa Mama. Anasema ndiye atakayekuwa anampa vidonge kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Simu ya Kaka wamenirudishia kazini, ndani ya bahasha, bila barua. Dada anasema Mama ameomba ikae kwangu, yeye hahitaji tena kuisikiliza. Saa kumi anakaa tu kwenye kiti chake mpaka ipite.

Kwa maneno mengine, amepona. Mwaka mzima alikuwa mtumwa wa kinasa sauti, nami kwa siku moja nimemfungua. Kimya ameona bahasha, akaniuliza kama kila kitu kiko sawa nyumbani. Nikavaa vipokea sauti.

Nimeandika ripoti ya Matroni kabla ya saa sita. Nimeeleza kwamba programu imejaribiwa nyumbani, na mtumiaji halisi mwenye umri wa miaka sabini na moja, kwa sauti ya mtu wa familia, na kwamba nashauri kila mgonjwa arekodiwe ujumbe namna hiyo. Penye sehemu ya maoni ya mtumiaji nimejaza kwa uaminifu kabisa: hakuna malalamiko.