Elektroni Zilizobaki Kwenye Kiti

Placide alisoma fizikia mwaka mmoja na nusu, akafukuzwa, na tangu hapo hakuacha kuitumia. Alinunua dhahabu Kabambare, katika chumba chenye meza, mizani na mchoro wa atomu alioupaka rangi mwenyewe. Siku alipowatazama wauzaji wakishuka kwenye pikipiki kutoka migodi ya Salamabila, wametikiswa mpaka meno, alitambua kwamba barabara mbovu ni mali.

"Mama, kila kitu iko na atomu," alimweleza Célestine, aliyewauzia wachimbaji unga na samaki na kulipwa vumbi la dhahabu. "Mu atomu muko elektroni, zinazunguka kama inzi. Njia ikitikisa, zinaruka. Zahabu yako ilitoka kule nzito, inafika hapa nyepesi."

Kidole chake kidogo, wakati huo, kilikuwa chini ya sahani ya mizani kikiisaidia sayansi.

Célestine hakubisha. Aliuliza tu zikiruka zinaangukia wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza Placide hilo, akajibu upesi kwamba zinaingia ndani ya kiti cha pikipiki.

Mwezi mzima Célestine alikatwa uzito hivyo, na pikipiki yake ilikuwa inakufa: moshi tele, mlima haiupandi. Bila pikipiki hakuna unga wa kuuza, na watoto wanne wangekula nini?

Asubuhi moja alifika na beseni tu, bila vumbi la kuuza. Alisimamisha pikipiki mbele ya mlango wa Placide, akachana kiti, akakamua sponji yake ndani ya beseni la maji, akaanza kuosha kama wachimbaji wanavyoosha mchanga. Placide alitoka ili acheke. Chini ndani ya beseni palikuwa panang'aa.

Kwamba elektroni kuruka ni uongo alijua, aliutunga yeye. Lakini alijua pia kwamba wachimbaji hubeba vumbi katika suruali zilizotoboka, na kiti hiki walikikalia miaka sita, kila Célestine alipowabeba. Kwa sauti ya huruma akaomba auziwe kile kiti.

"Kiti haiuzwi peke yake, Papa Placide. Zimeingia mu pikipiki nzima. Si weye ndiye mwalimu?"

Placide alileta dhahabu yote aliyokusanya tangu kiangazi. Célestine aliipima mwenyewe, akamwomba mnunuzi aweke mikono kichwani. Kisha akachukua na ile ya kwenye beseni, aliyoipandikiza kwenye sponji kabla ya chai, akaenda zake.

Placide aliosha sponji mpaka jioni. Alipata kutu na kifungo cha shati.

Wiki iliyofuata ile pikipiki ilimgomea Placide karibu na Lusangi. Alikuwa amekaa kando yake, juani, pikipiki mpya iliposimama. Célestine alikuwa juu yake na magunia mawili ya unga.

"Fundi iko Kabambare. Panda. Lakini nauli inalipwa mbele."

Placide alipapasa mifuko yote, kisha akavua saa. Célestine aliiweka sikioni, akasikiliza kama inatembea, akaivaa, akasogea mbele kidogo.