Chewa wa Makame

Jumamosi, 3 Machi 2012

Masaa matano nimekaa ukutani pale Kornishi, kando ya bahari. Nimevua tasi watatu. Watatu! Wembamba kama majani ya mdimu. Mwaka ule nilioletwa Doha kulea watoto wa binti yangu Rukia, kwa mshipi huu huu wa kuzungusha kwenye chupa, nilikuwa najaza ndoo kabla jua halijawa kali. Wadogo nawatupia paka. Paka wa mtaa wetu wa Najma walikuwa wanene kuliko mabwana harusi.

Leo paka wananitazama kama wananidai.

Henry naye yupo. Huyu Mganda, mlinzi wa hoteli, anakaa chini ya ghorofa yetu. Ana fimbo ya kuvulia yenye gurudumu, kofia, miwani, na kiti cha kukunja. Kavua chewa, hawa wa hapa wanamwita hamuri. Urefu wa kiganja. Kampiga picha. Kambusu! Kamrudisha baharini! Nikamuuliza kama mama yake alimwangusha utotoni. Akasema, Jaja, mwache akue kwanza. Jaja kwao ndiyo bibi. Nikamwambia mtoto wa chewa ni chewa, sufuria haiulizi umri.

Jioni Makame kapiga simu kutoka kambi ya wafanyakazi, Sanaiya. Mtoto wa jirani yangu wa kwetu Makunduchi. Miaka minne anapaka rangi maghorofa ya watu, Ijumaa hii anarudi kwao moja kwa moja. Kila Ijumaa yeye na wenziwe wanakula kwangu, na samaki navua mwenyewe. Huu mwezi wa pili nawalisha kuku. Kauliza kwa upole, ati Bibi, ya kuagana itakuwa chewa wa mkono wako? Nikamjibu chewa yumo kwenye friji, anamngoja yeye tu.

Friji ina nyanya na barafu. Ulimi wangu huu!

Sitaki mtoto yule afike kwa mama yake aseme Bibi Sabra siku hizi ni mwanamke wa kuku.

Jumapili, 4 Machi

Nimegundua siri ya Henry. Si fimbo. Ni mahali! Anakaa pale ukuta unapokunja kona. Basi nimetoka alfajiri baada ya sala, nimetandika mkeka pale pale, nimeweka chupa ya chai, nimejitanua kama mwenye hati ya kiwanja.

Henry kaja. Kanisalimia kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi. Kasogea hatua ishirini. Kavua wawili. Kawarudisha wawili.

Mimi nimevua mfuko wa plastiki, na kiatu cha mtoto.

Maji yenyewe kama chai ya maziwa. Upande wa pili mashine zinamwaga mchanga tangu asubuhi, wanataka nchi kavu zaidi. Nchi yote hii jangwa na bado hawajatosheka na mchanga! Samaki atazaa wapi? Juu ya lori? Nimewapigia kelele. Wako mbali, hawakusikia. Mzungu mmoja aliyekuwa anakimbia kwa afya yake kasikia, kaongeza mbio.

Jumanne, 6 Machi

Mshipi basi. Leo dema la kutegea samaki. Babu yangu alikuwa akisuka madema ya ukindu na ya mianzi, mimi nimechukua kikapu cha plastiki cha Rukia cha nguo chafu. Nimekifunika kwa wavu wa dirisha la jikoni, nimeacha tundu la kuingilia, nimeweka ngisi ndani na jiwe la kukizamisha. Kazi safi! Nimekifunga kamba ukutani, nimerudi nyumbani kupika.

Alasiri nimekwenda. Kamba hakuna. Kikapu hakuna. Nikajua ni Henry. Nikamfuata nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, ya kwake na ya ukoo wake. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kanyoosha kidole nyuma yangu.

Mlinzi wa ufukwe kasimama na kikapu changu mkononi. Kakimwaga mbele yangu. Chewa kumi na moja! Kumi na moja, kila mmoja kama kidole cha shahada. Kawarudisha baharini mmoja mmoja, huku ananihutubia kwa Kiarabu kwamba mitego hairuhusiwi na kwamba watu kama mimi ndio wanaoimaliza bahari. Mimi! Kikongwe na kikapu! Meli zinakomba kwa wavu mrefu kama barabara ya uwanja wa ndege, wa kuhutubiwa ni mimi!

Henry kapiga makofi. Mlinzi alipomrudisha wa mwisho, kapiga makofi.

Rukia kauliza kikapu chake kiko wapi. Nikamwambia dunia imeharibika.

Alhamisi, 8 Machi

Kesho ndiyo Ijumaa. Nimekwenda soko la samaki. Chewa wapo, wamelala juu ya barafu kama maharusi. Nikauliza bei. Nikamuuliza muuzaji kama anauza samaki au mashua aliyovuliwa nayo. Kacheka. Mimi sikucheka.

Nikaingia duka kubwa la karibu na nyumbani. Kwenye friji zao kuna samaki wazima wamegandishwa, wana vichwa, wana magamba, rangi kama changu fulani hivi. Maandishi ya kwenye mfuko ni ya Kizungu, sikuyaelewa, shule sikwenda, hizi herufi za kuandikia daftari kanifundisha Rukia kwa kidole kwenye sinia ya unga. Nikachukua sita.

Nyumbani nimewayeyusha. Kila mmoja nimemtoboa mdomo kwa ndoana, ili aonekane kavuliwa. Nimewasugua chumvi. Nimewatia kwenye ndoo yenye maji, nimelowesha pindo la buibui, nimepita mlangoni kwa Henry mara mbili. Mara ya pili nikakohoa.

Katoka. Kaona ndoo. Kasema hongera Jaja, macho yamemtoka.

Nimelala usingizi wa mtoto.

Ijumaa, 9 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa Makame kaja na shati jipya. Na nyuma yake nani? Henry! Kumbe wanafahamiana, Makame aliipaka rangi ile hoteli yake. Kamwalika mwenyewe, bila kuniuliza.

Nikapakua. Mchuzi wa nazi, pilipili, ndimu, wali wa kumwagika. Nikamwambia Makame chewa nimemkosa kwa bahati mbaya, lakini hawa ni changu wa maji makubwa, nimepambana nao mpaka mikono ikafa ganzi. Makame kala. Kaongeza. Kaongeza tena.

Henry kaonja mchuzi. Kanyanyua kichwa cha samaki, kakigeuza. Kauliza polepole Jaja kavulia wapi. Nikasema Kornishi, pale konani. Akasema, Jaja, huyu ni engege. Yeye kazaliwa kando ya ziwa, kalelewa kwa engege, na huyu ni samaki wa maji baridi, baharini hakai.

Rukia kaegemea ukuta. Kasema Mama, ni sato huyo!

Sato! Mimi niliyesema miaka yote samaki wa ziwani ananuka tope! Sato sijawahi kumwona uso, sasa nimewatoboa midomo wote sita!

Nikainuka kwenda jikoni. Makame kanifuata. Kasema, Bibi, tangu naingia nimeona mifuko ya dukani kwenye pipa. Kasema miaka minne alikuwa anakula mkono wangu, si samaki. Nikamfokea aondoke, moshi unaniumiza macho. Jiko la umeme halina moshi. Kanikumbatia hivyo hivyo.

Wakati wa kuagana Henry kasema tukiwaacha wadogo wakue, Makame akirudi kutembea atamkuta chewa wa kweli. Makame kanitazama. Basi nikaapa. Mbele yao wote, mkono juu ya sufuria: mdogo simchukui tena. Mtoto kaondoka anacheka na kufuta macho.

Jumamosi, 10 Machi

Asubuhi ukutani peke yangu. Henry yuko kazini.

Mshipi ukavuta. Chewa! Urefu wa kiganja changu. Kiganja changu ni kidogo, kwa hiyo samaki si mdogo sana. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Kiapo niliapia sufuria, huyu nimemkaanga kwenye kikaango.

Matonge mawili. Matamu!

Nikarudi, nikakaa mpaka adhuhuri. Hakuja mwingine. Bahari tupu kabisa. Wallahi siku nikimjua anayewamaliza samaki hawa!