Malalamiko Kuhusu Bibi Radi Kutoka Ndani ya Pipa la Matango

Brooklyn, New York
Mei 1942

Kwa Bwana Mhariri wa jarida la katuni la Ngumi za Haki,

Pokea salamu zangu, wewe na wachoraji wako wote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kilatini. Nimezoea kueleza jambo moja mara tatu bila kukasirika, lakini najua una kazi nyingi, kwa hiyo nitaeleza mara moja tu.

Katika toleo la mwezi huu, kwenye kurasa za mwisho kabisa, nyuma ya hadithi ya shujaa wenu mkuu, yule bwana mwenye kifua cha jiwe, umemtambulisha kwa mara ya kwanza mwanamke shujaa aitwaye Bibi Radi. Sina ugomvi naye. Ni karani wa kupiga taipu. Radi inaingia dirishani na kumpiga, anapata nguvu za ajabu, anawacharaza wezi watatu sokoni, anambeba begani mzee waliyemwibia, kisha anajificha ndani ya pipa la matango ya chumvi, macho tu yakiwa nje, akimvizia mkubwa wao. Hapo hadithi inakatika. Chanzo cha nguvu zake kinaeleweka na yeyote anayeanza kusoma kushoto.

Dada yangu Bronya hakuanza kushoto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bronya, kama sisi sote tuliozaliwa kule kwetu, alifundishwa kusoma Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huko, ambayo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na vitabu vyake hufunguliwa pale ambapo ninyi mnafungia. Kiingereza anakisema vizuri, hasa akimgombeza muuza barafu, ila hakisomi. Mjukuu wangu Selma alisahau jarida lako juu ya meza ya duka la Bronya. Bronya akalifungua upande anaoujua, akamkuta Bibi Radi pale pale mwanzoni, akamfuata picha kwa picha. Alichokiona ni hiki: mwanamke anachomoza kutoka kwenye pipa la matango. Anawapiga wanaume watatu. Radi inampiga, wala haimfanyi kitu. Mwishowe anapata kazi ya ofisini, kiti chake kiko karibu na dirisha. Nimeipitia mwenyewe kwa njia hiyo, na nasikitika kusema kwamba hadithi inakwenda vizuri zaidi. Hilo ni kosa la wachoraji wako.

2. Bronya anauza matango ya chumvi. Mikono yake imo ndani ya mapipa tangu alipoolewa, na sasa anaamini kwamba yamempa nguvu zile zile. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba maji ya chumvi hulainisha tango na hayamwongezei mtu misuli. Alinisikiliza huku akimenya vitunguu saumu, kisha akasema, "Naftali, wewe umekaa na vitabu maisha yako yote, na chupa ya siki bado unaniletea mimi nikufungulie. Sasa niambie, kati yetu wawili, amechorwa nani?" Nilikuwa nimekuja na chupa, ikabidi nimpe.

3. Habari zimeenea. Bi Yetta wa ghorofa ya pili, mwenye magoti mabovu, ameomba aloweke miguu. Bronya amemruhusu, ila katika pipa moja tu, la zamani. Wateja hawajui ni lipi. Mimi pia sijui, na nimeacha kula matango.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tangu vita vianze, mtaa wetu unatafuta mlinzi wa kuzima taa. King'ora kikilia, yeye hupita kila jengo kuhakikisha mapazia yamefungwa, ndege za adui zisione mwanga, na watu wameshuka chini. Hupewa kofia ya chuma na filimbi. Mgombea nilikuwa mimi peke yangu. Nilishaijaribu kofia na ilinikaa. Bwana Mhariri, tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniomba nifanye lolote isipokuwa nisogee apite. Jumatano, kwenye mkutano katika ukumbi wa sinagogi, Bronya alisimama akasema na yeye anagombea. Polisi wetu, Bwana Carmody, akamuuliza kwa adabu kama ana uzoefu wowote. Bronya akamnyanyua Bwana Carmody. Watu walipiga makofi muda mrefu, na mimi nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Imeamuliwa kwamba zoezi la kuzima taa la Alhamisi ndilo litakaloonyesha nani anafaa.

Kwa hiyo naomba, kwanza, kila picha iwekewe namba na mshale. Pili, katika toleo lijalo Bibi Radi atamke wazi, kwa Kiyidi, na maneno yaandikwe makubwa, kwamba ndani ya pipa hakupata chochote isipokuwa harufu. Kama hilo ni gumu, basi pipa limletee mafua. Na kama hata mafua yatawaudhi wasomaji, mnaweza kumwondoa kabisa, na nafasi yake apewe mwalimu mstaafu aliyepata nguvu kwa kunyambua vitenzi vya Kilatini. Niko tayari kuja kukaa nichorwe, siku yoyote isipokuwa Jumamosi.

Nifikishie salamu kwa wachapaji, kwa wapaka rangi, kwa bibi anayepokea simu, na hata kwa yule bwana wa kifua cha jiwe, ambaye kwake sina kinyongo.

Wako katika kutafuta usahihi,
Naftali Gurwitz

Nyongeza: Sikupata nafasi ya kuituma barua hii kabla ya zoezi. King'ora kilipolia nilipanda juu ya paa kukagua taa, mguu ukanasa kwenye uzio wa banda la njiwa. Aliyekuja ni Bronya. Aling'oa uzio, akanitupa begani, akateremka nami ghorofa zote, majirani wamejipanga kwenye ngazi. Pale chini Bwana Carmody akamvalisha kofia. Bronya akanipa mimi filimbi. "Pumzi unazo," akasema, "miaka yote umewapigia watoto kelele. Wewe puliza, mimi nitabeba." Tumeanza kazi.

Maombi yangu yote nayafuta. Bibi Radi abaki, na pipa lake libaki. Nina sahihisho moja tu la kitaalamu. Mtu anayebebwa begani na mwanamke shujaa, ninyi mmemchora akitabasamu. Hatabasamu. Anaomba taa zisiwashwe kabla hajafika chini.